Maswali ya Wasomaji: Bunduki Mikononi mwa Raia na Sheria za Majirani Zetu

Katika toleo lililopita tulichapisha makala fupi kuhusu namna nchi za Afrika Mashariki zinavyozidi kukaza masharti ya raia kupata na kumiliki silaha za moto. Barua zilizofuata zimetuonyesha kwamba jambo hili limeingia ndani ya nyumba za watu kuliko tulivyodhani. Tumechagua sita. Majina ya walioandika tumeyahifadhi, na majibu yetu yasichukuliwe kuwa badala ya ushauri wa wakili pale ambapo kesi imekwishafunguliwa.

Bunduki ya marehemu baba

*Mhariri, poleni na kazi. Baba yetu alifariki mapema mwaka huu na kuacha bunduki ya marisau aliyokuwa akiimiliki kihalali tangu alipokuwa akilima mahindi kule tambarare. Katika kikao cha ukoo kaka zangu wamesema bunduki imfuate yule atakayerithi kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo. Mimi ndiye msimamizi wa mirathi na sasa funguo za kabati ninazo mimi. Je, wana haki? Msomaji, Moshi.*

Pole sana kwa msiba, dada. Kaka zako wanachanganya vitu viwili. Bunduki yenyewe ni mali ya marehemu, kwa hiyo unapaswa kuiandika katika orodha ya mali kama unavyoandika shamba na ng'ombe. Haki ya kukaa na bunduki hiyo ni jambo lingine: ilikuwa ruhusa aliyopewa baba yenu yeye binafsi, baada ya kuchunguzwa yeye, na ilikoma siku alipofariki. Hairithiwi na mtoto wa kwanza wala wa mwisho. Kuanzia siku ya msiba, mtu anayeendelea kuihifadhi silaha hiyo nyumbani bila kutoa taarifa anajiweka katika hatari ya kuonekana anamiliki silaha bila leseni, na kwa kuwa funguo unazo wewe, mtu huyo kwa sasa ni wewe.

Tunakushauri usiibebe bunduki hiyo mwenyewe kwenda mjini, hasa katika basi au bodaboda, na usijaribu kuitoa risasi ikiwa hujafundishwa. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu ukiwa na cheti cha kifo, leseni ya marehemu na barua ya usimamizi wa mirathi. Eleza silaha ilipo na uombe askari waje kuichukua. Watakapoichukua, hakikisha umepewa hati ya mapokezi yenye aina ya silaha, namba iliyochongwa kwenye chuma chake na idadi ya risasi zilizokabidhiwa. Linganisha namba hiyo na ile iliyo katika leseni kabla askari hawajaondoka, kwa maana tarakimu moja iliyokosewa inaweza kukusumbua miaka mingi baadaye, pale utakapotakiwa kueleza bunduki ya baba yenu ilikwenda wapi.

Kaka yako akiitaka, aombe leseni kwa jina lake. Tanzania maombi huanzia chini kabisa, katika serikali ya mtaa au kijiji, ambako majirani wanamjua mwombaji kwa tabia zake, kisha yakapanda kata, wilaya na mkoa kupitia kamati za ulinzi na usalama hadi kwa Msajili wa Silaha. Wengi hulalamika kwamba safari hiyo ni ndefu. Sisi tunaona urefu wake una sababu, kwa kuwa mwenyekiti wa kijiji ndiye anayejua kama mwombaji hupigana kila wikiendi, jambo ambalo faili lililoko Dar es Salaam haliwezi kulieleza. Kikao cha ukoo kinaweza kuamua nani apewe thamani ya bunduki iwapo itauzwa kwa utaratibu wa kisheria, lakini hakina mamlaka ya kuamua nani ailaze nyumbani kwake.

Kuvuka mpaka na bastola

*Mimi ni mfanyabiashara wa mifugo. Nina bastola yenye leseni halali ya Tanzania na kila wiki navuka Namanga na fedha nyingi. Kwa kuwa tuko katika Jumuiya moja, je, leseni yangu inatambuliwa Kenya? Msomaji, Longido.*

Haitambuliwi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inahusu watu, bidhaa, huduma, mitaji na ajira, na haikufanya leseni ya silaha ya nchi moja itambulike katika nchi nyingine. Ukivuka na bastola bila kibali cha kuiingiza Kenya, mara tu unapoupita mstari wa mpaka wewe si mmiliki halali tena, hata kama leseni yako ya Tanzania umeilipia jana. Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura 114, inatoa vifungo vya miaka mingi kwa anayepatikana na silaha bila cheti, na kwa bunduki za kivita za aina ya AK-47, G3 na MP5 adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha.

Fahamu pia kwamba Kenya imekuwa kali hata kwa raia wake wenyewe. Desemba 2018, baada ya malalamiko mengi kuhusu watu wanaotoa bastola katika kumbi za starehe na kwenye ugomvi wa barabarani, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliamuru wamiliki wote wa kiraia wahakikiwe upya ndani ya siku 90 mbele ya Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha. Utaratibu wa vyeti vya zamani ukabadilishwa ili taarifa za mmiliki na za silaha yake ziwekwe katika kumbukumbu za kielektroniki. Nchi iliyowarudisha foleni watu wake haitakuwa na subira na mgeni anayesema hakujua.

Kabla ya safari, ongea na mkuu wa polisi wa wilaya yako kuhusu namna ya kuiacha silaha mahali salama kwa maandishi. Kuhusu fedha, tunakusihi utumie benki au malipo ya simu kadiri inavyowezekana. Mfanyabiashara anayejulikana kuwa na fedha pamoja na bastola huviziwa kwa vyote viwili.

Kwa nini wote kwa pamoja?

*Nafundisha historia sekondari. Wanafunzi wangu wameniuliza kwa nini Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na hata Ethiopia zote zimekaza sheria za bunduki katika kipindi kinachokaribiana. Wengine wanasema ni shinikizo la wafadhili. Nini ukweli? Mwalimu, Kitale.*

Mwalimu, unaishi karibu sana na jibu la swali lako. Ukitoka Kitale kuelekea Kapenguria na kuendelea kaskazini, unaingia katika eneo ambalo kwa zaidi ya miaka arobaini limetuonyesha kwa damu kwamba nchi moja haiwezi kudhibiti bunduki peke yake.

Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipoanguka, askari waliikimbia kambi ya Moroto, kaskazini mashariki mwa Uganda, na wafugaji Wakaramojong wa eneo hilo la Karamoja wakajichukulia silaha zilizokuwa ghalani. Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka Somalia na silaha zake zikaingia sokoni. Vita vya Sudan Kusini, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo navyo vikaongeza. Bunduki haiozi kama mkuki wa mti. Ikipakwa mafuta na kufichwa vizuri hudumu vizazi viwili. Wizi wa mifugo, ambao zamani ulikuwa na kanuni zake na wazee wa kuusuluhisha, ukageuka kuwa mauaji ya vijiji vizima.

Machi 2000 mawaziri wa nchi kumi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika walikutana Nairobi na kutia saini Azimio la Nairobi. Tarehe 21 Aprili 2004 walilipa azimio hilo nguvu ya kisheria kwa Itifaki ya Nairobi, iliyoanza kutumika Mei 2006. Kituo cha kanda cha kusimamia silaha ndogo, RECSA, kina makao yake hapo hapo Nairobi. Kwa hiyo sheria hizi zinafanana kwa sababu mataifa haya yaliahidiana yenyewe kwamba yatazifananisha. Wafadhili walichangia fedha na mashine za kuchonga alama kwenye bunduki, na hilo si siri. Lakini waliokuwa wakizika watu wao walikuwa ni sisi.

Isomeshe Itifaki hiyo darasani, hasa kifungu cha tatu. Kinazitaka nchi kupiga marufuku raia kumiliki silaha nyepesi za kivita pamoja na bunduki zinazojijaza zenyewe. Kusajili silaha zote za raia katika daftari moja la kitaifa. Kumpima mwombaji uwezo wake. Kuweka kikomo cha idadi ya silaha kwa mtu mmoja. Na kuzuia silaha isiwekwe rehani. Kisha tazama tarehe. Burundi ilitunga sheria yake mwaka 2009. Tanzania ilifuta sheria ya mwaka 1991 na kuweka Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Sudan Kusini ikatunga yake mwaka 2016, Rwanda ikaifanya upya yake mwaka 2018, na bunge la Ethiopia likapitisha sheria mpya Januari 2020. Uganda imeendelea kutegemea sheria ya mwaka 1970, ingawa baada ya mbunge Ibrahim Abiriga kuuawa kwa risasi Juni 2018, Rais Museveni aliliambia Bunge kwamba kila bunduki nchini, ya serikali na ya raia, lazima ichukuliwe alama zake za kipekee ili risasi iliyookotwa mahali pa uhalifu iweze kutambuliwa imetoka wapi.

Ninaloomba wanafunzi wako walizingatie zaidi ni yaliyotokea Karamoja. Kati ya Desemba 2001 na mwanzo wa 2002 serikali ya Uganda iliwaomba Wakaramojong wasalimishe bunduki kwa hiari, na takriban 10,000 zikasalimishwa. Halafu jeshi lililoahidi kuwalinda likahamishwa kwenda kupigana na LRA, waasi wa Joseph Kony. Waliotii wakabaki na fimbo, huku majirani zao, wa ndani ya Uganda na wa ng'ambo ya mpaka, wakiwa bado na bunduki. Ng'ombe walichukuliwa, watu waliuawa, na walionusurika walinunua bunduki upya. Mimi nauona mkasa huo kuwa sababu kubwa ya vijana wa eneo lile kuchelewa kuiamini tena serikali kila inaposema leteni silaha. Jeshi lililazimika kurudi tena Julai 2021 kwa operesheni iliyoitwa Usalama kwa Wote.

Upande wenu nako mambo yamefanana. Februari 2023 serikali ya Kenya iliwapa wakazi wa kaunti sita, zikiwamo Turkana, Pokot Magharibi na Baringo, siku tatu kusalimisha silaha haramu kabla ya operesheni ya kijeshi kuanza. Siku tatu ni chache mno kwa mchungaji aliye malishoni, mbali na mtandao wa simu, na hili nalisema bila kuwatetea majambazi. Mei mwaka huo huo Rais Museveni alitoa amri iliyowataka wafugaji wa Turkana wasiingie Uganda na bunduki, akatoa miezi sita mambo yarekebishwe la sivyo wafukuzwe. Serikali hizo mbili zilikuwa zimetia saini mkataba wa amani ya mpakani mjini Moroto Septemba 2019. Pengo limekuwa katika kutenda siku moja: wa upande huu wakinyang'anywa Jumatatu, wa upande wa pili wanyang'anywe Jumatatu hiyo hiyo, na walinzi wabaki pande zote mbili baada ya kamera kuondoka.

Makadirio ya taasisi ya Small Arms Survey ya mwaka 2017 yaliweka silaha zilizo mikononi mwa raia wa Kenya kuwa karibu 750,000, na zilizosajiliwa zikiwa sehemu ndogo sana ya hizo. Kwa hiyo sheria ya leseni, hata ikiwa kali namna gani, inamgusa zaidi mtu wa Nairobi aliyejaza fomu kuliko kijana wa bonde la Suguta, kaskazini mwa Kenya, ambaye hajawahi kuiona fomu hiyo.

Bunduki ya kampuni

*Ni mlinzi wa kampuni binafsi. Zamu inapoisha usiku msimamizi hunitaka niende nyumbani na bunduki niirudishe asubuhi. Je, ni halali? Msomaji, Mwanza.*

Kataa kwa adabu, na ukatae kwa maandishi. Bunduki ya kampuni imeruhusiwa kwa kazi ya lindo, na zamu ikiisha inapaswa kurudi katika ghala la silaha na kusainiwa katika daftari: saa, namba ya silaha, idadi ya risasi na jina la aliyepokea. Silaha ikiibwa kitandani kwako, msimamizi huyo hatakumbuka kwamba ndiye aliyekuagiza. Ikiwa kampuni haina ghala, polisi wa wilaya wanapaswa kulijua hilo.

Gobole la kufukuzia nguruwe pori

*Shikamoo mhariri. Kijijini kwetu wengi wana magobole ya kufukuzia nguruwe pori na nyani. Mimi nalo ninalo, alilitengeneza fundi wa hapa hapa na halina leseni. Nasikia adhabu ni kali. Nikilipeleka polisi, si nitakuwa nimejipeleka gerezani? Mkulima, Kasulu.*

Marahaba, mwanangu. Umesikia sawa kuhusu adhabu, na ni kali kuliko wanakijiji wengi wanavyofikiri. Kwa Tanzania, kupatikana na silaha bila leseni hushitakiwa mara nyingi pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupanga. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, adhabu chini ya sheria hiyo ni kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30, na dhamana katika mashauri hayo si jambo jepesi. Gobole la fundi wa kijijini nalo ni silaha ya moto mbele ya sheria hiyo, na aliyelitengeneza bila kibali ana kosa lake la pekee.

Sasa hofu yako. Ina msingi, na ndiyo sababu serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya msamaha, kama ilivyofanya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi mwaka 2022 na mwaka 2023, ambapo aliyesalimisha kwa hiari ndani ya muda uliotajwa hakushitakiwa kwa kumiliki. Fuatilia redio na ofisi ya mtendaji wa kata, na kipindi cha namna hiyo kikitangazwa usisubiri siku ya mwisho. Kama hakuna msamaha unaoendelea, usilizike wala kulitupa mtoni, kwa sababu linaweza kuokotwa na mtoto au na mtu mbaya zaidi. Pitia kwa mtu anayeheshimika na anayewafahamu polisi, awe mwenyekiti wa kijiji, sheikh, mchungaji au wakili wa msaada wa kisheria, aulize kwanza utaratibu bila kutaja jina lako, kisha akusindikize.

Kwa maoni yangu, dirisha la kusalimisha lilipaswa kuwa wazi mwaka mzima. Adhabu ya miaka 20 ina maana dhidi ya jambazi. Dhidi ya mkulima mwenye shamba linaloliwa na nguruwe, adhabu hiyo bila njia salama ya kutoka humfanya alifiche gobole lake kwa ustadi zaidi, na silaha iliyofichwa vizuri ndiyo inayokuja kukodishwa kwa majangili au kuvushwa mpakani.

Kuhusu shamba lako, peleka taarifa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya kila uharibifu unapotokea, ikiwa na tarehe na ukubwa wa eneo lililoliwa, na umuulize kama wanyama waliokuharibia wamo katika utaratibu wa kifuta jasho. Malipo hayo ni madogo na huchelewa, lakini taarifa zilizoandikwa ndizo zinazoipa wilaya sababu ya kuleta askari wa wanyamapori, ambao wana silaha kihalali.

Bastola chini ya mto

*Mume wangu ana bastola yenye cheti. Siku hizi anakunywa sana, na mara mbili ameiweka mezani tukigombana akaniambia nifikirie vizuri. Hajanipiga. Ndugu zake wanasema ni mzaha na kwamba cheti anacho. Msomaji, Thika.*

Dada, huo si mzaha, na cheti hakimlindi kwa alilolifanya. Bastola iliyowekwa mezani katikati ya ugomvi ni tishio la kuua, hata kama haikunyanyuliwa. Sheria ya Kenya haitaki mtu mwenye tabia ya ulevi apewe cheti cha silaha, cheti kilichokwishatolewa kinaweza kufutwa, na kulewa ukiwa umebeba silaha ni kosa peke yake. Vilevile Sheria ya Kulinda Watu Dhidi ya Ukatili wa Majumbani ya mwaka 2015 inakupa haki ya kuiomba mahakama amri ya ulinzi, bila kungoja upigwe.

Usimwambie kwamba unakwenda kushitaki. Usiiguse bastola wala kuificha, kwa sababu kuitafuta kwake akiwa amelewa kunaweza kukuletea hatari ile ile unayoikimbia. Ondoka kwanza na watoto mwende kwa mtu unayemwamini, mchana, wakati hayupo nyumbani. Piga 1195, namba ya bure ya msaada kwa waathirika wa ukatili wa kijinsia, na ikiwa hatari iko mlangoni piga 999 au 112. Kisha nenda kituo cha polisi pamoja na mtu mwingine, useme wazi kwamba mtu unayemlalamikia ana bunduki, na usiondoke bila namba ya taarifa yako katika daftari la matukio. Kwa namba hiyo, iandikie Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha ukitaja jina lake, tarehe za matukio yote mawili na maneno aliyoyasema kama alivyoyasema. Ukiikumbuka namba ya cheti chake, iandike; usipoikumbuka, barua iende hivyo hivyo, kwa kuwa bodi inayo kwenye kumbukumbu zake.